Nilitoa kadi ya ofisi ambayo sipo tena, sasa kadi yangu mwenyewe niandike nini wakati sina kazi?

Shikamoo Anti,

Mi ni kijana wa miaka 29, naishi Mbagala kwa kaka yangu pamoja na mke wangu na mtoto wetu wa miaka miwili. Nimesomea ununuzi na ugavi na nimefanya kazi miaka minne kwenye kampuni moja inayotoa mizigo bandarini, nilianzia ghalani baadae wakanihamishia ununuzi, yaani kutafuta bei, kuandaa LPO (ile hati ya kuagizia mzigo), kufuatilia mzigo mpaka unaingia stoo na kuhesabiwa. Mwezi wa pili mwaka huu wakapunguza watu, tukatoka tisa siku moja. Sikugombana na mtu, stahiki zangu nimelipwa na barua ninayo.

Tangu hapo niko kitaa tu Anti. Nimezunguka na bahasha ya kaki Chang'ombe yote, Vingunguti, viwanda vya barabara ya Nyerere, unafika getini mlinzi anapokea bahasha anakwambia acha tutakuita, ukigeuka unaona ameiweka juu ya zile zingine. Hakuna aliyeita mpaka leo.

Sasa ishu yenyewe ni hii. Wakati natoka ofisini nilibaki na boksi la biznesi kadi za kampuni, zimeandikwa jina langu na chini Afisa Ununuzi, kama mia mbili hivi. Laini iliyoko kwenye kadi ilikua ya ofisi nikairudisha, kwahiyo nikawa nakata ile namba kwa peni naandika yangu juu yake. Mwaka huu maonyesho ya biashara ya Saba Saba nikaenda na kadi kama ishirini mfukoni. Kuna banda moja la mashine za kusaga na kukoboa nikakaa na mwenye nalo karibu nusu saa, mtu mzima, baba wa makamo, analalamika spea zake zinakaa bandarini mpaka wateja wanamkimbia, afu stoo yake hajui kuna nini, leo anaambiwa beringi zimeisha kesho anakuta zimejaa chini ya meza. Nikamweleza sisi tulikua tunatumiaje bin kadi, zile kadi za hesabu ya stoo, kila kinachoingia na kinachotoka kinaandikwa hapohapo, na makaratasi ya mzigo unayaanza kabla meli haijafika. Akanisikiliza kweli Anti, akasema kijana mtu kama wewe ndo namtafuta, una kadi? Nikampa.

Wiki iliyofuata akapiga. Ila namba niliyoandika kwa peni haikusomeka vizuri, akapiga ya mezani ya ofisini. Dada wa mapokezi ndo akanisimulia baadae, anasema yule baba aliniulizia, akaambiwa huyo hayupo hapa tangu mwezi wa pili, akanyamaza kidogo akasema haya asante, akakata. Namba yake sikuchukua lakini kipeperushi cha banda lake ninacho na namba zipo. Nashindwa kupiga. Naona ananichukulia tapeli.

Rafiki yangu ana duka la kuchapisha Kariakoo, kaniambia achana na hizo, anichapie kadi zangu mwenyewe 100 kwa elfu 30, na chini ya jina niweke Mkurugenzi Mtendaji alafu tutunge jina la kampuni, General Supplies, maana anasema bila cheo kadi haina uzito. Mke wangu anasema elfu 30 ni unga na mafuta. Kaka ndo kabisa, anasema kadi ni ya mtu mwenye ofisi, mtu hana kazi anagawa kadi huko ni kujikweza, watu watamcheka. Anti mi naomba uniambie ukweli, nichapishe au nisichapishe, na kama nachapisha niandike nini hapo chini ya jina maana kila nikifikiria naona patupu. Na yule baba ndo basi tena?

Kijana wa Mbagala

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole na miezi hii. Hilo neno patupu limenikaa kooni, kwahiyo naanza na hilo, yule baba nitakuja kwake mwisho maana kwake kuna cha kufanya na sio cha kuongea.

Ukitoka hapo kwa kaka yako ukatembea mpaka Rangi Tatu, angalia kuta na nguzo za umeme. Utakuta imeandikwa kwa rangi au mkaa, fundi bomba, na namba. Fundi friji, na namba. Tunazibua vyoo, na namba. Yule fundi bomba hana mwajiri wala ofisi, pengine leo hajapata kazi hata moja, lakini hajaandika natafuta kazi ya bomba. Kaandika anachojua kufanya na pa kumpata, na hakuna anayepita pale akasema huyu anajikweza. We miaka minne umejua kuleta mzigo, kuupokea, kuuhesabu na kujua ulipo. Walipokupa barua ya kutoka walichukua kiti, laini na kitambulisho. Ujuzi ulitoka nao. Kwahiyo pale chini ya jina sio patupu, pale panaandikwa kazi unayoijua, cheo ndo kilibaki kwao.

Mwambie kaka yako hivyo kwa upole, anaongea kwa kuogopa usidhalilike.

Mi nimekaa dirisha la mapokezi la ofisi moja hapa mjini miaka tisa kabla sijahamia idara ya utumishi, na meza yangu ilikua na droo imejaa kadi za watu. Bosi anatoka anauliza, yule kijana aliyekuja siku ile anayejua mambo ya majenereta ni nani? Tunamwaga droo mezani tunatafuta. Waliokua wanapatikana ni wale kadi zao zimesema wanafanya nini. Kadi nzuri za kung'aa zenye jina, Mkurugenzi Mtendaji, na kampuni ya herufi tatu, tulikua tunazigeuza mbele na nyuma hatujui huyu anauza mbao au anatibu meno, zinarudi droo. Nimeona hilo mara nyingi sana ndo maana nakukataza kwa nguvu hilo wazo la rafiki yako.

Tena kwako wewe ni baya zaidi ya kwa mtu mwingine, sikiliza. We ni mtu wa ununuzi. Kazi yako ni kukabidhiwa hela ya mtu ukamtafutie bei nzuri. Sasa mwajiri akikuona una kadi ya General Supplies, swali la kwanza litakalomjia hata kama hatalitamka ni kwamba huyu nikimpa ununuzi si atakua ananunua kwake mwenyewe? Umejifungia mlango kwa mkono wako. Na kampuni yenyewe haipo, BRELA wanaosajili kampuni na majina ya biashara hawaijui, mtu akiomba risiti au ankara unampa nini? Siku ukiamua kweli kufanya biashara, kasajili jina, chukua TIN (namba ya mlipakodi) na leseni, alafu chapisha kadi ya biashara, hiyo ni safari nyingine kabisa na wala sio mbaya. Ila sasa hivi unatafuta ajira, bas kadi iseme hivyo kwa namna ya kiutu uzima.

Iandikwe hivi. Juu jina lako, majina mawili, yaleyale yaliyoko kwenye vyeti na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Kama mtaani wanakuita jina lingine, hilo libaki mtaani, maana mtu akishika kadi ina jina moja na CV ina jingine anaanza kujiuliza. Chini yake Ununuzi na Ugavi. Mstari unaofuata ndo utamu wenyewe, weka vitu vitatu unavyovifanya kwa mkono wako, kwa mfano kuagiza na kufuatilia mizigo bandarini, usimamizi wa ghala na stoku, kutafuta bei na kuandaa LPO. Kama umeshashika TANCIS mwenyewe, ule mfumo wa forodha, iandike. Kama umeshawahi kuingia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, ukaandaa zabuni mpaka ikapokelewa, iandike pia, maana tangu 2023 mfumo huo ulipochukua nafasi ya ule wa zamani wa TANePS, wafanyabiashara wengi wanaotaka kuuzia serikali wanahangaika humo na wanatafuta mtu anayeujua. Ila kama uliona tu mwenzio anabofya, usiandike, kesho utakalishwa mbele ya kompyuta uonyeshe. Na herufi za CPSP, za mtaalamu aliyethibitishwa wa ununuzi na ugavi, zinatoka kwa bodi ya fani yenu, PSPTB, kwa mitihani, kama hujazipata usizibandike, watu wa fani yako wanajuana na wanaulizana.

Alafu namba, moja tu. Nimeona kadi zina namba nne, kila mtandao na yake, mtu anapiga ya kwanza haipatikani hajaribu ya pili. Weka ile ambayo iko hewani muda wote na ndo ya WhatsApp, na kabla hujaichapa fanya kitu kimoja. Mpe mke wako simu ajifanye anakutumia hela kwenye hiyo namba, aangalie jina linalotokea kabla hajaweka namba ya siri, afu aishie hapo. Likitokea jina la shemeji yako au la dada yako aliyekusajilia laini, hiyo namba usiichape. Watu wengi siku hizi ndo wanavyokagua mtu, hawaulizi, wanajaribu kutuma wanaona jina. We umeshaingia mara moja kwenye kuonekana sio yule uliyesema, hatutaki ya pili. Na akisha-sevu namba yako ataona picha yako ya WhatsApp na status zako, kwahiyo picha iwe uso wako unaoonekana, na yale mafumbo ya kumsema mtu asiyetajwa yapumzike kwa sasa.

Barua pepe iwe na jina lako. Usiandike mtaa unaokaa, wala tarehe ya kuzaliwa, wala namba ya NIDA, kadi inazunguka mikononi mwa watu usiowajua. Kwa hilohilo, ukipigiwa na mtu anasema amepata kadi yako, kazi ipo, tuma elfu kadhaa ya fomu au ya sare, kata simu mwanangu. Kazi haianzi kwa wewe kulipa.

Kuhusu hiyo elfu 30, mke wako ana hoja na usimpite. Huhitaji kadi 100. Karatasi moja ya A4 inatoa kadi kumi za kawaida, kwahiyo karatasi tano ni kadi hamsini, na hamsini za kugawa kwa akili zitakutosha mpaka mwisho wa mwaka. Muulize huyo rafiki yako akuchapie hamsini kwenye karatasi nzito ya gramu 300, rangi moja, bila madoido, ukubwa wa kadi ya benki ili ikae kwenye waleti, na uzunguke maduka mengine mawili matatu hapohapo Kariakoo kulinganisha bei, hiyo ndo fani yako, usishindwe kwenye mzigo wako mwenyewe. Mwambie asiipake ile plastiki ya kung'aa, hasa nyuma. Nyuma iache nyeupe tupu. Kule ndo unaandika kwa peni mbele ya mtu, Saba Saba, banda la mashine za kusaga, tuliongelea bin kadi. Kwenye plastiki ya kung'aa wino unateleza unafutika, na hilo la wino kutosomeka tayari limeshakugharimu.

Nikwambie kitu kuhusu kugawa maana hapa ndo wengi wanaharibu. Kwetu sisi ukichomoa kadi mfukoni mtu anashtuka, anadhani ni mchango wa harusi, nimeona watu wakirudisha mikono nyuma kabisa. Kwahiyo kadi isitangulie maneno. Wewe pale bandani ulifanya sawasawa bila kujua, uliongea nusu saa kuhusu shida ya yule baba, yeye mwenyewe ndo akaomba. Hiyo ndo njia, kadi inatolewa mtu akishataka kukukumbuka. Kuzunguka unamwekea kila mtu mkononi kama kipeperushi cha mganga ni kuzitupa. Itoe kwa mkono wa kulia, na kama ni Mchina au Mjapani, na viwandani utakutana nao, toa kwa mikono miwili na ya kwake ipokee kwa mikono miwili, isome kwanza ndo uweke mfukoni. Msibani usitoe. Kikao cha harusi toa tu, tena vikao vina watu wa kila ofisi, ila subiri mpaka mambo ya bajeti yaishe watu wanakunywa soda.

Na kila ukitoa kadi na wewe omba namba yake. Hili nalisema kwa msisitizo maana kwenye barua yako ndo kosa lililoniuma kuliko lile la kadi ya zamani. Ulimwachia yeye kazi yote ya kukutafuta. Chukua namba, kesho yake asubuhi mtumie ujumbe mfupi kumkumbusha mlipokutana, akikwambia tuma CV unatuma PDF papo hapo. Bila ujumbe wa kesho yake kadi inaenda kulala na wenzake droo ile niliyokwambia.

Serikalini usipoteze hata moja. Ajira za utumishi wa umma zinapita Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, unaomba humo kama watu wote, kumpa afisa kadi hakukuongezei kitu na yeye unamweka pabaya. Viwandani pia getini kwa mlinzi usiache kadi, umeshaona hatima ya bahasha. Muulize mlinzi kwa heshima, stoo kipa wenu anatoka saa ngapi kula? Huyo ndo mwenzio, kaa naye kwa mama lishe, yeye ndo anajua kama ndani watu wanatakiwa. Wewe mwenyewe ulipokua kazini uliwajua wangapi wa hivyo, madereva wa malori, mawakala wa forodha, wauza spea wa Gerezani? Hao wanakujua kwa kazi na wao ndo wawe wa kwanza kupata kadi mpya. Sijui kwanini tukikosa kazi tunawakimbia wanaotujua tunaenda kujieleza kwa walinzi wasiotujua.

Lile boksi la zamani ulichane leo. Najua unaziona ni kumbukumbu, baki na moja uweke kwenye faili la vyeti. Zilizobaki zikate katikati, sio kuzitupa nzima. Kutembea na kadi inayosema wewe ni afisa wa mahali ambapo sio wa pale ni kusema jambo lisilo kweli, hata kama hukukusudia, na siku ukikubaliana kitu na mtu akidhani anaongea na kampuni utaingia kwenye matatizo makubwa. Lakini miaka minne yako pale ni yako, iandike kwenye CV na mwezi uliotoka uonekane. Umesema hukugombana na mtu, bas mpigie aliyekua mkuu wako, mwombe awe refarii wako kwenye CV, na yule dada wa mapokezi mwambie mtu akiuliza tena aseme umetoka kwenye upunguzaji wa mwezi wa pili na ampe namba yako. Sentensi moja tu hiyo, na alivyo mwema kwako hatakataa.

Sasa yule baba. Sio basi. Amepiga simu ofisini kwenu mwenyewe, wiki moja baada ya maonyesho, mtu mwenye shughuli zake, maana yake alikua anakuhitaji. Kilichomnyamazisha ni kutokujua kwanini. Usimpigie kwanza, mtu akishtukizwa na simu anajihami, mwandikie kwanza ili asome kwa wakati wake. Tumia namba ya kwenye kipeperushi, saa tatu asubuhi, sio usiku, na uandike hivi au karibu na hivi kwa maneno yako:

"Shikamoo mzee. Naitwa (jina lako), tulikutana Saba Saba kwenye banda lako tukaongelea spea zinazokaa bandarini na hesabu za stoo. Nimesikia ulinitafuta ofisini ukaambiwa sipo. Ni kweli, nilitoka pale mwezi wa pili kampuni ilipopunguza watu, na kadi niliyokupa ilikua ya zamani. Nilitakiwa nikwambie palepale, nilikosea, nisamehe. Yale niliyokueleza ndiyo kazi niliyofanya miaka minne, na barua ya ofisi ninayo. Ukiniruhusu nije siku moja nikuhesabie stoo, uone mwenyewe, ndipo tuongee."

Hapo kwenye kuhesabu stoo usiogope kujitolea siku moja, ila siku moja kweli, nenda na daftari na karatasi za bin kadi umezichora mwenyewe, anza na beringi maana ndo zilizomuuma. Asipojibu siku mbili, mpigie mara moja. Akisema hapana, mshukuru na umwache.

Usisubiri kadi zitoke ndo umtafute, mtumie kesho. Nasubiri uniandikie alivyojibu.

Anti